Jina Lisilo na Mwenyewe: Tathmini ya Matembezi ya Mau Mau Katikati ya Nairobi

Tangazo la matembezi haya lilinifikia kwa simu likiwa na sentensi moja ya herufi kubwa: MZUNGU AENDE ULAYA, MWAFRIKA APATE UHURU. Chini yake ziliandikwa bei, yaani shilingi 1,500 kwa mtu mzima na shilingi 500 kwa mwanafunzi, saa ya kukutana, ambayo ilikuwa saa mbili asubuhi siku ya Jumamosi, na ahadi kwamba kwa muda wa saa tatu tungepitishwa katikati ya jiji huku tukielezwa maana na asili ya jina Mau Mau, lile la wapiganaji waliodai ardhi na uhuru wa Kenya katika miaka ya 1950. Kidogo nighairi. Nimefundisha Kiswahili katika shule ya upili kwa miaka mingi, na haupiti mwaka bila mwanafunzi kuniandikia sentensi hiyo katika insha, akiwa amepigia mstari herufi ya kwanza ya kila neno, kana kwamba amefumbua fumbo lililowashinda watu wazima. Sikutaka kulipa ili nisomewe insha ile ile barabarani. Nililipa kwa sababu binti yangu, aliye kidato cha tatu, aliniomba twende pamoja, na leo nashukuru kwamba alisisitiza, kwa kuwa tulichopewa njiani kilikuwa bora mara nyingi kuliko kile kilichotangazwa.

Tulikutana watu 17 katika Bustani ya Uhuru, kwenye kona ambayo wenyeji wa jiji huiita Freedom Corner. Kiongozi wetu alikuwa mzee mstaafu aliyefundisha historia, ambaye tangu mwanzo sote tulimwita Mwalimu. Katika kundi letu walikuwamo wanafunzi wa chuo kikuu, wanandoa waliotoka Kisumu, na bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aliyeletwa na wajukuu wake na ambaye kila mtu, pamoja na Mwalimu mwenyewe, alimwita Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu. Kuhudhuria kwa bibi huyo kulikuwa na uzito ambao hakuna mwandalizi anayeweza kuuweka katika tangazo, na nitarudi kwake baadaye.

Kituo cha kwanza kilikuwa mnara wa ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 12, 2015. Ulijengwa kwa fedha za serikali ya Uingereza baada ya makubaliano ya Juni 2013, ambapo serikali hiyo ilieleza majuto yake kuhusu mateso yaliyofanyika wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Sanamu zenyewe ni mbili: mwanamke anayemkabidhi mpiganaji chakula, na mpiganaji anayekipokea, huku nyuso zao zikiwa hazikutani. Mwalimu alitueleza sababu ya nyuso kugeuzwa, nayo ni kwamba asiyeuona uso wa mwenzake hawezi kumtaja hata akiteswa. Kisha akauliza swali ambalo lilibeba matembezi yote: "Hawa wawili, ninyi mnawaitaje?"

Majibu yalikuja kwa fujo. Mmoja alisema mashujaa, mwingine wapigania uhuru, mwingine Mau Mau, na kijana mmoja aliyekuwa nyuma akasema waasi. Watu walimgeukia kijana huyo kwa ukali, lakini Mwalimu alimtetea, akasema kwamba neno hilo limo katika vitabu vingi na ni lazima tuliangalie kabla ya kulitupa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimekuja mahali panaponifaa, kwa kuwa aliyoyasema juu ya neno hilo moja niliyaona yanatosha kipindi kizima darasani. Kitenzi "asi" kimetoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kukataa amri ya mwenye haki ya kuamuru: mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mungu. Ndiyo maana "maasi" katika Kiswahili ni uasi na tena ni madhambi, na mhubiri anapowaonya waumini juu ya maasi hakuna anayefikiria bunduki. Kwa hiyo anayemwita mtu mwasi amekwisha kuamua kesi. Amekubali kwamba yule aliyekataliwa alikuwa na haki ya kutiiwa. Kilatini, ambacho Waingereza walikopa humo neno lao la kuwataja watu wa namna hii, insurgent, hakina hukumu hiyo ndani yake, kwa kuwa mzizi wake, surgere, ni kuinuka tu, kama vile mtu anavyoinuka kitini. Kiswahili nacho kina "inuka" na "simama", na washairi wetu wamevitumia vitenzi hivyo kwa heshima kubwa, lakini hatujawahi kuvifanya kuwa jina la watu. Hatusemi "wainukaji". Tunasema waasi, au tunaruka moja kwa moja hadi mashujaa, na kati ya dhambi na utukufu hatuna neno la kawaida la mtu aliyekuwa amekaa akainuka.

Ningependa Mwalimu angekaa zaidi kwenye mnara huo, kwa sababu kuna jambo moja alilolipita haraka. Maandishi yake yanawahusu waliopitia mateso na dhuluma za enzi ya ukoloni, yaani yanawazungumzia watu kama waliotendewa, ilhali sanamu zinawaonyesha watu wakitenda. Mpiganaji ameshika silaha, na mwanamke ameleta chakula akijua hatari yake. Maneno na shaba havisemi kitu kimoja, na kwa matembezi yanayohusu jina, tofauti hiyo ilistahili dakika tano zaidi.

Kutoka hapo tulishuka barabara ya Kenyatta, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Delamere, hadi kwenye sanamu tatu za Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimepita mbele ya sanamu hizo maelfu ya mara. Sikuwahi kusimama kusoma maandishi yake, ambayo yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Mwalimu hakutoa hotuba hapo. Alituomba tuyasome, akatuuliza kama kuna anayejua jina la hata mmoja wa wale askari na wapagazi, akanyamaza, kisha tukaendelea. Ulikuwa uamuzi mzuri wa mtu anayejua kufundisha.

Kiini cha matembezi kilikuwa kwenye makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina, chini ya sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni. Ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi aliponyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa humo bila alama yoyote. Anaonekana amevaa mavazi ya kivita, bunduki mkononi mwa kuume na kisu mkononi mwa kushoto, na barabara inayobeba jina lake ndiyo iliyokuwa ikiitwa Hardinge. Tulikaa hapo karibu saa nzima, na kama ningeambiwa nilipie kituo kimoja tu, ningelipia hiki.

Mwalimu alianza na sentensi ya kwenye tangazo. Binti yangu aliisema kwa sauti, herufi kwa herufi, na kundi likampigia makofi. Mzee alitabasamu, akamwuliza: "Mwanangu, kama wewe na wenzako mngekuwa mnakula kiapo cha siri mwaka 1950 huko Kiambu au Murang'a, mngekila kwa lugha gani?" Binti yangu alijibu kwamba wangekila kwa Kikuyu. "Basi kwa nini jina la siri liwe la Kiswahili?" Hakutoa jibu la kumkomesha mtoto. Alieleza pande zote mbili. Kwa upande mmoja, viapo, nyimbo na majina ya vikosi vilikuwa kwa sehemu kubwa vya Kikuyu, na wapiganaji wenyewe walijiita itungati, huku madai yao yakifupishwa kwa maneno mawili, ithaka na wiathi, yaani ardhi na uhuru. Kwa upande mwingine, Nairobi ya wakati huo ilikuwa imejaa madereva, wachuuzi, makarani na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili, watu wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wakiongozwa na watu kama Fred Kubai na Bildad Kaggia, walikuwa katikati ya mambo. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa kigeni katika harakati hizo. Lakini, akasema, maneno yanapotoshea katika herufi kikamilifu namna hiyo, mara nyingi ni kwa sababu herufi zilitangulia na maneno yakaja kutafutiwa nafasi. Mimi kama mwalimu wa lugha naungana naye kabisa. Akronimu za kweli huwa na kasoro: huacha viunganishi, hukata silabi, huchukua herufi mbili hapa na moja pale. Hii haina kasoro hata moja, na hilo ndilo linaloifanya ionekane kazi ya mtu aliyekaa chini baadaye na kulipa jina lililokwisha kuvuma maana inayolistahili. Haiwi bure kwa sababu hiyo, kwa kuwa inatuonyesha watu walivyotaka jina hilo limaanishe, ila asili ni jambo jingine.

Maelezo ya pili ni ya kiapo chenyewe, ambacho kwa Kikuyu huitwa muma. Huenda askari au karani asiyejua lugha alilisikia neno hilo likirudiwarudiwa katika ushahidi na akaliandika alivyolisikia. Mwalimu aliyataja maelezo haya kwa ufupi, nami nadhani alifanya sawa, kwa kuwa kutoka muma hadi mau mau kuna hatua ambazo hakuna anayezieleza vizuri.

Ya tatu ndiyo yaliyoniamsha. Katika Kikuyu, "uma" ni amri ya kumwambia mtu atoke. J. M. Kariuki, aliyewekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari na baadaye akawa mbunge hadi alipouawa Machi 1975, alieleza kwamba watoto wa Kikuyu walikuwa na mchezo wa kugeuza maneno, na kwamba "uma uma" ikisemwa kwa mchezo huo inakuwa "mau mau". Wengine huongeza kwamba ndiyo iliyokuwa sauti ya mlinzi aliyewekwa nje ya nyumba ya kiapo, akiwaonya waliomo ndani watoke kabla polisi hawajafika. Nilisimama pale chini ya sanamu nikizigawa silabi kimya kimya: u-ma, ma-u. Ni kinyume! Mtu yeyote aliyekulia pwani, au aliyewahi kukaa na watoto wa pwani, anaujua mchezo huo wa kuipeleka silabi ya mwisho mwanzoni ili wakubwa wasielewe kinachosemwa. Nilimwambia Mwalimu, naye akafurahi sana, akanitaka niwafafanulie wenzetu, na kwa dakika kumi watu 17 walikuwa wakigeuza majina yao katikati ya jiji mbele ya wapita njia. Sidai kwamba kinyume cha pwani ndicho kilicholizaa jina hili. Watoto wa kila mahali hucheza na silabi. Ninachosema ni kwamba kati ya maelezo yote niliyoyasikia, haya ndiyo pekee ambamo badiliko la sauti linaelezeka bila kulazimishwa, na ndiyo yanayolipa jina hilo chanzo kinacholingana na maisha ya siri.

Kisha Mwalimu alisema jambo ambalo naliona ndilo uti wa mgongo wa huduma hii. Jina lolote liwe lilitoka wapi, waliolieneza zaidi si waliolibeba. Lilikuwa katika taarifa za polisi na za mahakama kabla ya kuwa katika vinywa vya wengi, na Agosti 1950 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Mau Mau wakati ambapo waliokula kiapo walikuwa wakikitaja kwa majina mengine kabisa. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, na mbele ya mahakama Kenyatta alisema kwamba neno hilo halikuwa la lugha yoyote aliyoijua, lakini Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa sababu yake. Wapiganaji msituni walipotaka kujitambulisha rasmi walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru la Kenya. Jina hilo linasema wanataka nini, ilhali Mau Mau halisemi kitu, na jina lisilosema kitu humfaa adui, kwa kuwa anaweza kulijaza atakalo. Magazeti ya Uingereza yalilijaza ushenzi na ushirikina. Hakuna msomaji wa London aliyelazimika kufikiri juu ya mashamba yaliyochukuliwa alipokuwa akisoma neno ambalo kwake lilikuwa mlio tu.

Mwalimu hakuficha upande mwingine. Alitaja Lari, ambako usiku wa Machi 26, 1953 familia za watu walioonekana kuwa upande wa serikali zilishambuliwa na kuchomewa ndani ya nyumba, wengi wa waliokufa wakiwa wanawake na watoto, na akataja pia kisasi cha vikosi vya serikali kilichofuata. Alitaja watu zaidi ya 1,000 walionyongwa kwa hukumu za mahakama za wakati huo. Niliogopa kwamba angeyapita hayo kwa sababu palikuwa na watoto, au kwa sababu tulikuwa tumesimama chini ya sanamu, lakini aliyasema kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza silabi.

Kituo cha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi, kilikuwa kifupi. Tuliliangalia jengo kutoka nje, tukaambiwa kwamba lilijengwa mwaka 1906 likiwa benki, tukapiga picha. Sioni faida ya kusimama nje ya nyumba ya nyaraka katika matembezi yanayohusu neno ambalo asili yake imo katika nyaraka. Waandalizi wangeweza kuomba ruhusa mapema na kutuonyesha hata ukurasa mmoja wa taarifa ya enzi hiyo. Ni pengo kubwa.

River Road ilikuwa na shida ya kelele. Mwalimu hana kipaza sauti, makondakta wanaita abiria, mikokoteni inapita, na waliokuwa nyuma, nikiwamo mimi, tulipoteza nusu ya maelezo ya Operesheni Anvil, yaani fuawe, ambayo ilianza Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 walipoizingira Nairobi na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ili wachunguzwe. Nilichokipata ni neno moja, nalo lilitosha. Watu waliokamatwa walipitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa kichwa hadi miguu kwa magunia yenye matundu ya macho, na aliyetikisiwa kichwa na mtu wa gunia alipelekwa kizuizini. Mtu huyo aliitwa gakunia, kagunia kadogo. Hapo Shosho, ambaye hadi wakati huo alikuwa akitembea polepole akiwa ameshikiliwa na mjukuu wake, alisimama akasema neno hilo mwenyewe, kwa matamshi yake ya Kikuyu, mara mbili. Mwalimu alimwacha. Hakumhoji, hakumgeuza kuwa kielelezo, na kwa adabu hiyo nampa alama zote.

Ni baadaye tu, tulipokuwa tumeketi Kariokor, ndipo Shosho alipoamua kuzungumza, na hilo linanileta kwenye kituo cha mwisho. Kariokor ni mahali panapofaa kumalizia matembezi ya asili ya jina, kwa sababu jina lenyewe ni sikio la Kiswahili lililosikia Kiingereza: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambao mmoja wao tuliona sanamu yake asubuhi. Dar es Salaam wana Kariakoo yao kutokana na neno lile lile. Basi hapa tuna jina ambalo asili yake haina ubishi, ambalo wananchi walilichukua kutoka kinywani mwa mkoloni wakaligeuza mpaka likawa lao, likawa soko, likawa nyama choma, likawa viatu vya ngozi na vyondo. Mwalimu aliziweka safari hizo mbili kando kando: neno la jeshi la mkoloni lililofanywa la nyumbani, na neno la wana wa nyumbani lililofanywa la kutisha. Ni mojawapo ya mafundisho bora ya isimu niliyoyasikia nje ya darasa, na yalitolewa juu ya meza ya hoteli yenye vikombe vya chai ya maziwa.

Hapo binti yangu alimwuliza Shosho, kwa heshima, kwao walikuwa wakiwaitaje. Shosho alijibu kwa Kiswahili cha polepole kwamba alikuwa msichana mdogo katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na kwamba nyumbani kwao jina Mau Mau halikutamkwa kamwe, si kwa chuki wala kwa mapenzi, kwa kuwa kulitamka kulikuwa kifo. Mama yake alisema "watu wa msituni", au alisema "wale" tu, na watoto walielewa. Akaongeza kwamba hata uhuru ulipokuja waliendelea kusema "wale". Mwalimu alieleza sababu kwa wasiojua: Kenyatta mwenyewe mwaka 1962 aliufananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kutokomezwa ambao haupaswi kukumbukwa tena, na marufuku ya mwaka 1950 ilibaki katika sheria zetu hadi serikali ya Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa miaka yote hiyo wazee waliokuwa msituni walikuwa, kwa maandishi ya sheria, wanachama wa chama haramu katika nchi huru. Siku hizi Oktoba 20, ile siku ya kutangazwa kwa hali ya hatari, tunaiita Sikukuu ya Mashujaa, na neno "shujaa" ni pana kiasi kwamba ndani yake wanaingia wanariadha, madaktari na wapiganaji bila kugombana. Sina ubaya na upana huo. Ila nilipomtazama Shosho akisema "wale", niliona kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya neno pana na bado akakosa kutajwa.

Mwalimu ana daftari ambalo humpa kila mshiriki mwishoni, aandike jina ambalo familia yake ililitumia kuwataja watu hao. Nilipekua kurasa zake kwa idhini yake. Zina mwandiko wa watu wa sehemu nyingi za nchi, baadhi wakiwa wameandika neno moja, wengine ukurasa mzima. Wanandoa wa Kisumu waliandika kwamba kwao waliyasikia hayo redioni tu. Daftari hilo peke yake lina thamani kuliko ada yote, na nawasihi waandalizi walinakili na kulihifadhi mahali salama, kwa kuwa sasa linabebwa katika mfuko wa nailoni pamoja na mwavuli.

Kasoro zilizobaki ni za kurekebishika. Kundi la watu 17 ni kubwa mno kwa kiongozi asiye na kipaza sauti. Watu 10 wangetosha. Kijikaratasi cha maelezo tulichogawiwa kiliandikwa kwa Kiingereza kitupu, ingawa mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili na Shosho hakuweza kukisoma, na hilo ni kosa ambalo siwezi kulielewa kwa huduma inayohusu maneno yetu wenyewe. Kaloleni haikuwamo katika njia, ingawa ukumbi wake wa jamii ulikuwa mahali pa mikutano ya kisiasa ya Waafrika miaka ile na ni mwendo mfupi wa matatu kutoka Kariokor. Ningelipa shilingi 500 zaidi ili tufike huko. Anayekuja na mzee ajue kwamba kuna zaidi ya kilomita tatu za kutembea na hakuna mahali pa kuketi kati ya bustani na Kariokor isipokuwa ukijitafutia, kwa hiyo abebe maji na aombe mwendo wa polepole mapema, nao watakubali.

Kwa mwalimu wa Kiswahili au wa historia anayetafuta safari ya darasa la kidato cha tatu na cha nne, napendekeza matembezi haya bila kusita. Binti yangu aliandika insha yake wiki iliyofuata. Sentensi ya herufi kubwa imo, lakini safari hii imo katika aya ya pili, baada ya uma uma, na mbele yake ameandika "wengine husema". Niliwatumia waandalizi ujumbe nikiwaomba waongeze maneno hayo hayo mawili kwenye tangazo lao. Wamejibu kwa upole kwamba watalifikiria, na tangazo la mwezi ujao limenifikia jana likiwa bado na sentensi ile ile, herufi kubwa zile zile.